Makosa ya Kilonzo

Simu ilinikuta nachagua mchele. Alikuwa Mama Mutheu, mkewe Kilonzo, na kabla hajamaliza kunisalimu nilishajua, maana mtu hapigi simu ya salamu kwa sauti ile. Kilonzo alikuwa amefariki Jumanne. Mwili ungesafirishwa Jumamosi kwenda kwao Ukambani. Ijumaa alasiri kungekuwa na maombi nyumbani kwao Tudor, nao kama familia waliniomba niseme machache, kwa kuwa ni mimi niliyefanya naye kazi ya vibonzo enzi zile. Nikampa pole, nikasema nitakuja. Ndipo akaongeza, nami nikamsikia akijikaza kucheka: "Na ile ya ndoo usiiache, dada. Watu wapate kucheka kidogo. Mwenyewe angependa." Nikamwambia sitaiacha. Nilipokata simu nikarudi kwenye ungo wangu, na wallahi ule mchele ulinishinda.

Ile ya ndoo ni hadithi yangu. Nimeisimulia kwenye maarusi, nimewasimulia wanafunzi waliokuja kuniuliza vibonzo vilianzaje hapa kwetu, nimeisimulia hata redioni, na kila mara watu hucheka wakashika mbavu. Yote ni kweli isipokuwa neno moja. Neno hilo nililisema nikiwa na miaka ishirini, mbele ya mtu aliyekuwa na kazi ya kunipa, na nililisema nikijua si kweli. Wahenga wasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi imekwenda miaka ishirini na mitano na ushei, tena nikiitembea kwa maringo. Kwa hiyo siku zile tatu kabla ya Ijumaa swali langu lilikuwa moja tu: niisimulie kama walivyoizoea, au niisimulie kama ilivyokuwa? Msinidhanie mwema. Siku ya kwanza nilikwisha kuamua kuisimulia kama walivyoizoea.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ofisi ya Zogo, hilo ndilo jina la gazeti letu la vibonzo, ilikuwa Makadara, chumba kimoja ghorofani juu ya duka la magodoro. Vumbi la usufi lilipanda ngazi likatua kwenye wino mbichi, na ukiyatazama matoleo yale kwa makini utaona nywelenywele kwenye mashavu ya watu. Wasomaji walidhani ni ndevu. Pangaboi lilikuwako, lakini likiwashwa karatasi zote huruka, kwa hiyo tulilizima tukavumilia joto, kila mtu na leso kafunga kifundo cha mkono ili jasho lisidondokee ukurasa. Meza ilikuwa moja, ndefu, iliyokuwa mlango zamani. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo upande wangu, nami niliweka humo chupa ya wino isipinduke. Saa nne Maalim Twaha aliagiza mahamri na mbaazi kutoka kwa mama aliyeuza chini ya ngazi, akatuambia tunawe mikono mara mbili, mara moja kwa ajili ya chakula na mara moja kwa ajili ya kazi.

Maalim Twaha ndiye aliyekuwa mwenye gazeti. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mji wa Kale, kofia yake ya vito haimtoki kichwani wala haikai upande, na Kiswahili kwake kilikuwa kama chombo cha udongo alichorithi: ukikigusa tu, yuko nyuma yako na mikono kaikinga. Yeye ndiye aliyeandika hadithi. Aliandika kwa chumba, yaani kila picha kwenye ukurasa aliiita chumba, na chini ya kila chumba aliandika nani yuko na anasema nini. Karatasi hiyo ilimwendea Kilonzo, akachora kwa penseli, akapiga wino, akaacha vile viduara vya maneno vitupu. Viduara hivyo ndivyo tulivyoviita viputo, na kuvijaza ilikuwa kazi yangu. Nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko; nilikuwa nikiandika kadi za arusi kwa mkono, na Maalim aliiona moja akauliza ni mkono wa nani.

Kilonzo alikuwa karani bandarini, wa kuhesabu shehena. Alikuja kwetu mchana baada ya zamu, mtu mrefu, mtaratibu, ana miaka kama ishirini na minane, na kopo la muthokoi kwapani. Siku ya kwanza niliyoonja yale mahindi yake ya kukobolewa na maharagwe nilisema, "Kaka, hayana nazi haya!" Akatafuna kwanza, kisha akasema, "Chakula chetu hakivai koti, dada." Nikacheka mpaka Maalim akakohoa. Alizungumza kidogo, na akizungumza Maalim alimsahihisha. Si kwa ukali, la. Kwa upole ule unaouma zaidi. "Si *kitabu yangu*, Bwana Kilonzo. *Changu*." Na Kilonzo hakuwa amesema kitabu yangu. Alikuwa amesema changu. Maalim alisikia kile alichotarajia kukisikia kutoka kwa mtu wa bara, na mimi niliyekaa katikati yao nililisikia hilo na sikulisema.

Shujaa wa Zogo alikuwa Bi Salama, mwanamke ambaye kila aendako salama hutoroka. Na hadithi zake, Mungu anisamehe, zilikuwa zimepooza. Maalim alijua sarufi lakini kila hadithi aliimaliza kwa mawaidha. Gazeti lilikwenda Mwembe Tayari kwa wauzaji wa kando ya mabasi ya bara, na likarudi karibu lote. Mwezi wa tatu wa kazi yangu Maalim aliandika ukurasa ambao mumewe Bi Salama amejificha kwa kinyozi ili asitumwe sokoni. Chumba cha sita, cha mwisho, kiliandikwa hivi: *Bi Salama mlangoni. Ndoo! Mumewe atetemeka.*

Kwa asiyejua Kimvita, lahaja yetu ya hapa mjini, nieleze. Kwetu sisi, *ndoo* ni njoo. Mama akimwita mwanawe husema, ndoo hapa. Na ndoo ya maji pia ni ndoo. Maalim angekwambia hayo ni maneno mawili mbali kama mbingu na ardhi, la kuita ulimi wagusa meno, la maji ulimi wapanda nyuma yake kidogo, na asiyesikia tofauti ana masikio ya kuazima. Lakini karatasi haina ulimi. Kilonzo alirudisha ukurasa umeshapigwa wino, na chumba cha sita Bi Salama amesimama mlangoni, buibui limempanda, ameinua juu ya kichwa ndoo kubwa ya bati, maji yanachuruzika ukingoni.

"Ndoo hii yafanyani hapa?" Maalim aliuliza.

"Si umeandika ndoo, Maalim?" akasema Kilonzo.

"Mimi n'liandika *ndoo!* Amwita! Amwita mumewe! Ya Rabi, kitwa chako ki wapi, bwana? Na mpiga chapa yuwangoja saa kumi!"

Kilonzo akasimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani. Akasema pole. Saa zilikuwa zimefika nane na nusu, kuchora upya haiwezekani. Nikasema, "Nipe mimi, Maalim." Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikachovya kalamu, na kwenye kiputo cha Bi Salama nikaandika kama ilivyoamriwa: *NDOO!* Kisha pembeni mwa yule mume, aliyejikunja chini ya kitambaa cha kinyozi, nikachora kiputo kingine kidogo ambacho hakikuwako, nikaandika: *Ipi, mke wangu? Ya kuitwa au ya kumwagiwa?* Maalim alisoma, midomo ikamchezacheza, akageuka dirishani. Ukurasa ukaenda.

Toleo lile halikurudi hata moja. Wauzaji wa Mwembe Tayari walituma mtu kuuliza kama kuna zaidi. Wanawake walikuwa wakiitana dirishani, "Ndoo!" na mwenzake akajibu, "Ipi?" Kinyozi wa Makadara aliubandika ukurasa kwenye kioo chake. Maalim alisema mji mzima umeharibika masikio, lakini alisema akiwa anavaa kanzu mpya.

Ilipita kama wiki tatu, Ramadhani ikaingia. Alasiri moja Maalim alikuwa msikitini, mimi na Kilonzo mezani. Hakuwahi kula mbele yangu mwezi ule, hata maji aliteremka kunywea chini. Nikamtania: "Kaka, leo Maalim ameandika *kuku*. Usije ukatuchorea nguo kuukuu." Akaweka kalamu chini. Akasema, polepole, "Ndoo," na ulimi wake nikauona umegusa meno, sawasawa kama Maalim. Kisha akasema, "Ndoo," ya bati. Halafu akanitazama.

"Dada Rukia, mimi nina mwaka wa saba bandarini. Makuli wa Kimvita waniita mara mia kwa siku: *ndoo, karani, ndoo!* Ningekuwa naleta ndoo kila niitwapo, leo ningekuwa na duka la ndoo."

Lo! Nilimwuliza kwa nini, basi, kwa nini alisimama pale akatukanwa kichwa chake. Akasema ile hadithi haikuwa na mwisho. Aliuona mwisho wake akiwa juu ya meli anahesabu magunia, yule mama na ndoo yake na lile neno moja lenye maana mbili, akacheka peke yake mpaka wenzake wakamwona wazimu. "Ningemwambia Maalim, angesema mchoraji achore. Wazo langu hangelikubali. Kosa langu analikubali kila siku." Alisema bila uchungu, kama mtu anayekueleza ndia ya kwenda kivukoni. Na kiputo changu? Alicheka. Alikuwa amekiachia nafasi. Nenda ukautazame ukurasa ule, kama unao: pembeni mwa yule mume pana uwazi mweupe, mkubwa, usio na kazi yoyote. Niliuona siku ile nikadhani ni bahati yangu.

Kuanzia hapo tulikula njama. Tuliliita kosa la mwezi. Maalim akiandika *mwizi yuko juu ya paa*, yaani paa la nyumba, Kilonzo alichora mwizi kapanda paa wa porini, pembe kazishika kama usukani. Maalim akiandika Bi Salama ampakulia mumewe kaa, kaa wa baharini, Kilonzo alichora kaa la moto katikati ya sahani ya wali, nami nikajaza kiputo: *Huyu mbona hana miguu?* Kila mara Maalim alishika kichwa, kila mara hakukuwa na wakati wa kuchora upya, maana Kilonzo alikuwa akileta kurasa saa ya mwisho kwa makusudi. Nacheka hata sasa ninapoandika. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile, na nimeshafanya kazi nyingi. Kilonzo alianza kuja na daftari la jalada gumu, hadithi zake mwenyewe, vyumba kwa vyumba, na alinionyesha mimi tu. Kulikuwa na moja ya makarani wa bandari ambayo ningetoa kidole niione imechapwa.

Mwisho wa mwaka ikaja barua. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikuwa ameyaona matoleo yetu kwa abiria wa basi. Alitaka kuanzisha vitabu vya hadithi za picha kwa watoto, na alitafuta mtunzi, mmoja tu. Angekuja kututembelea. Kilonzo akanivuta kando kwenye ngazi, kwenye harufu ya magodoro. "Akiuliza, sema wewe," akaniambia. "Mimi nikisema nitaonekana najisifu, na Maalim ataona nimemcheza shere. Wewe atakusamehe, wewe ni kama mwanawe." Nikamwambia, "Nitasema, kaka." Nilimwambia hivyo huku nimemshika mkono.

Siku ya mgeni, Maalim aliweka halua, kahawa, viazi karai, na akatandika kitambaa juu ya ule mlango wetu. Kilonzo aliomba ruhusa kazini, akaja na shati lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, na daftari lake. Alipoketi alilikalia, labda kwa haya. Mgeni alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua matoleo sita mezani, akaweka kidole kwenye ndoo, kwenye paa, kwenye kaa. "Haya si makosa," akasema. "Mtu hakosei vizuri hivi mara sita. Nani anayeyatunga?"

Maalim akacheka kicheko cha mwenye nyumba. "Ah, huyu bwana wetu wa bara! Lugha yampiga chenga, masikini. Ni huyu binti ndiye hutusitiri, huokota kosa akaligeuza."

Mgeni akanigeukia. "Ni kweli, dada? Huyu bwana alikosea?"

Nimejaribu miaka hii yote kusema nilimhurumia Maalim. Angefedheheka mbele ya mgeni wake, nyumbani kwake, na halua yake bado haijaliwa; mtoto aliyelelewa vyema hamvui nguo mtu mzima hadharani. Hayo yote yalikuwako. Lakini yalikuwa kando. Katikati palikuwa na ile kazi, mmoja tu, na jina langu juu ya kitabu. Nikasema, "Ndiyo. Alikosea."

Mgeni hakuridhika. Akamgeukia mwenyewe. "Bwana Kilonzo, ni kweli?" Nikasubiri paa la nyumba lianguke. Kilonzo hakunitazama. Alitabasamu, akakuna shingo, akasema kwa lafudhi nzito ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ile ya kuigizwa na watu wa pwani wakitaka kuwacheka wa bara: "Kiswahili ni ngumu, bwana." Maalim akacheka, mgeni akacheka. Na mimi nilicheka.

Kazi niliipata. Vitabu vinane vina jina langu. Kilonzo hakufanya kosa jingine tena. Alichora alichoandikiwa, chumba kwa chumba, na miezi michache baadaye Zogo likafa, wauzaji wakalirudisha likiwa bado limefungwa kamba. Akabaki bandarini mpaka alipostaafu. Tulikutana mara mojamoja mjini, akaniuliza habari za watoto, akaniambia amenunua kitabu changu kipya. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nikijiambia amesahau, na nikirudi nyumbani naisimulia tena ile ya mchoraji wetu wa bara aliyechora ndoo, kwa sababu uongo ukishauzoea hukaa nyumbani kama jamaa.

Ijumaa nilikwenda Tudor. Walikuwa wameweka hema uani katikati ya maghorofa, viti vya plastiki, chai ya maziwa kwenye birika kubwa la bati. Wakaimba, mchungaji akaomba, wenzake wa bandarini wakasema alikuwa mtu asiyekosea hesabu. Kisha nikaitwa. Mwenye kuongoza akasema, "Huyu ndiye dada wa ndoo," na watu wakaanza kutabasamu kabla sijafika kwenye maikrofoni. Mama Mutheu alikuwa safu ya mbele, kitambaa cheusi kichwani, wanawe watatu wamemzunguka. Alinitikisia kichwa kunitia moyo. Nilikuwa na ile hadithi mdomoni, imelainika kwa kutumiwa, ningeisema hata usingizini. Nikafungua kinywa, nikasikia nikisema, "Kilonzo hakukosea."

Wakacheka. Walidhani ndivyo inavyoanza.

"Msicheke, jama," nikasema. "Alijua. Alichora kwa makusudi. Hadithi zile zilikuwa zake. Niliulizwa mimi, na nilijua, na nikasema amekosea, kwa sababu niliitaka ile kazi. Alinisikia nikisema, akanisitiri."

Nilimsikia mtoto mmoja akivuta chai. Mama Mutheu akainuka nusu kwenye kiti.

"Ngoja, dada. Alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Tangu mwanzo?"

"Kabla hajashika penseli."

Akaketi. Alisema taratibu, si kwangu, wala si kwa mtu yeyote: "Mimi nimemcheka na hiyo ndoo tangu anioe. Mbele ya ndugu zake. Mbele ya hawa watoto. Hajaniambia." Akanitazama. "Kwa nini hakuniambia hata mimi?"

"Kwa sababu yangu," nikasema. "Ungenijua mimi ni mtu gani."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa haki yake, na nadhani ningepata nafuu. Hakunitukana. Alijifuta uso kwa ncha ya kile kitambaa, akawageukia wanawe, watu wazima wote, akamshika mkubwa begani.

"Mmesikia?" akawaambia. "Baba yenu alikuwa anajua Kiswahili."